Somo la jiko: sufuria isiyo na nyama



Mara ya mwisho karatasi hii iliwaeleza juu ya kuchemsha maji na kufunika mitungi. Leo tunaingia jikoni. Somo letu ni kupika chakula cha mimea, yaani nafaka, maharage, majani, karanga na mafuta ya mawese, hata pale ambapo nyama haipo, kwa namna ambayo mwili unapata nguvu na watu wa nyumbani wanalamba vidole. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Huyu kijana anataka kutufundisha kula maharage? Si ndiyo tunayokula kila siku?" Ni kweli. Hata mimi niliyala miaka mingi kabla ya kujua kuyapika.

Nilivuka Ruhwa mwaka 2015 nikiwa na miaka 13, pamoja na mama yangu na dada yangu. Kwetu ni Rugombo, ng'ambo ya mto. Wengi wenu mnapafahamu mahali pale: Ruhwa inashuka kutoka milimani, inaingia katika mto Rusizi, na hapo ndipo Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Ni bonde la joto, sehemu ya chini kuliko zote katika Rwanda, karibu mita 950 tu juu ya bahari. Ndiyo maana upande huu wa Bugarama unaona mpunga, maembe, mapapai, malimau, muhogo na soya, na wenyeji wa milimani wanashuka kuja kununua. Mama alipougua na dada akawa ameolewa, mimi ndiye niliyeshika mwiko. Vijana wenzangu walinicheka sana. Sasa wanakuja kula.

AIBU YA MAHARAGE

Kabla ya kuongea juu ya sufuria, tuongee juu ya aibu, kwa sababu ndiyo inayoharibu vyakula vingi katika kambi. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa na ubatizo wa mtoto. Aliona vibaya kuwapa wageni maharage na majani. Akauza maharage ya mwezi mzima na chupa ya mafuta, akanunua nyama ya mlo mmoja. Wageni walikula, wakashukuru, wakaenda. Siku 25 zilizobaki, watoto wake walikula ugali na chumvi. Mtoto wa tatu alipopimwa mkono na wafanyakazi wa lishe, utepe ulisoma njano.

Simsemi vibaya mama huyo. Mgeni ni mgeni, na kila mmoja wetu angependa kumchinjia. Lakini ninyi wenyewe mmeona mgeni anavyokula sombe iliyotiwa karanga, mpaka anaomba kupangusia sahani kwa tonge la mwisho. Hiyo haiitwi chakula cha maskini. Chakula cha maskini ni maharage magumu yanayoelea katika maji meupe bila kitunguu, na hayo yanatokana na haraka ya mpishi.

UGALI PEKE YAKE HAUJENGI

Mwili unajengwa na kitu kinachoitwa protini. Ni kama ukuta wa matofali ya namna mbalimbali: ukikosa namna moja, fundi anasimama. Mahindi, mchele na mtama vina matofali fulani lakini yana upungufu wa mengine. Maharage, karanga, soya na njegere vina yale ambayo nafaka inapungukiwa. Ukila nafaka na maharage katika siku moja, ukuta unapanda. Mama zetu walijua jambo hili bila kwenda shule: ugali na maharage, wali na maharage, mahindi yaliyochanganywa na maharage katika chungu kimoja. Mimi nililikuta katika kitabu cha biolojia nikiwa sekondari, nikashangaa kwamba bibi yangu alikuwa mwalimu.

Muhogo ni habari nyingine. Unashibisha, lakini protini yake ni kidogo sana, kidogo kuliko ya mahindi. Anayekula ugali wa muhogo ana haja kubwa zaidi ya maharage au karanga pembeni kuliko anayekula ugali wa mahindi.

Nataka kuwapa kisa cha kweli cha wakimbizi wenzetu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji walikuwa Malawi kwa maelfu na maelfu. Chakula chao kikubwa kilikuwa unga wa mahindi, na pamoja nao walipewa karanga. Mgao wa karanga ukakatika kwa miezi. Watu wakaanza kuona ngozi inakuwa nyeusi na kubabuka shingoni, mikononi na miguuni, kila mahali jua linapopiga. Wakahara. Wengine wakachanganyikiwa akili. Ugonjwa huo unaitwa pelagra. Katika mwaka huo walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 17,000. Hawakuambukizwa na mtu. Walikosa vitamini moja, niasini, ambayo katika mahindi imefungwa na tumbo haliwezi kuifungua, lakini katika karanga ipo tele.

(Watu wa Mexico tangu kale wanapika mahindi kwa maji ya chokaa ya kupikia, na chokaa hiyo inaifungua ile niasini. Tafadhali, mtu asiende kuomba saruji ya CIMERWA kwa sababu yangu. Chokaa ya ujenzi na saruji haviliwi.)

Kwa hiyo mwenye kipimo kidogo cha karanga nyumbani, asikiuze chote. Konzi moja ya karanga zilizopondwa, ikiingia katika mboga ya watu sita, inaonekana ni ndogo, lakini inafanya kazi. Chagua karanga kwanza. Iliyokunjamana, yenye ukungu wa kijani au yenye ladha chungu, itupe. Ukungu ule una sumu inayoumiza ini, na kukaanga hakuiondoi.

MAHARAGE: LOWEKA, TUPA, CHEMSHA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makaa yanapokwisha.

Jioni, baada ya kula, chagua maharage ya kesho. Toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Yaoshe, kisha yaloweke katika maji mara tatu ya kipimo chake, ufunike, uache usiku kucha, masaa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo. Wengine wanaona ni hasara kuyamwaga kwa kuwa yana rangi. Maji hayo ndiyo yanayojaza tumbo gesi, na yana vitu vinavyozuia mwili kuchukua madini. Mwagilia gunia lako la mboga, usiyapikie.

Weka maji mapya, washa moto mkali, yachemke kwa nguvu. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu ya muda wa yale makavu, wakati mwingine chini ya hapo. Nyanya na limau usiweke mwanzoni, kwa sababu uchachu unafanya ganda liwe gumu. Viweke maharage yakishaiva. Wengine wanaweka magadi ili yalainike upesi. Yanalainika kweli, lakini magadi yanaharibu vitamini ya B1 iliyomo, na ladha inakuwa ya sabuni. Mwenye kuloweka hana haja ya magadi.

Mwenye makaa kidogo atengeneze kapu la joto. Chukua kapu kubwa au boksi la katoni, ujaze ndani majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, uache shimo katikati la kukaa sufuria. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha itoe motoni ikiwa bado inatokota, uitie katika shimo, ufunike juu kwa mto wa nguo au majani, ubane vizuri. Nenda kwenye foleni ya maji, nenda kanisani au msikitini, nenda ukasuke. Baada ya masaa matatu au manne utakuta yameiva kwa joto lake lenyewe. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uweke kitunguu na chumvi.

Sasa sikilizeni kosa langu, msilirudie. Mara ya kwanza nilipotengeneza kapu hilo nilijiona hodari. Nikaona kuchemsha nusu saa ni kupoteza makaa. Nikayapasha tu mpaka maji yakaanza kutoa moshi, nikayatia kapuni. Jioni yalikuwa laini kiasi cha kutafunika, tukala. Usiku ule mama, mimi na jirani yetu mmoja tulipishana chooni mpaka alfajiri. Maharage, na hasa mekundu makubwa, yana sumu ambayo inakufa tu yakichemka kwa nguvu, dakika kumi au zaidi. Joto dogo haliiui. Kapu ni la kumalizia kuivisha, mapovu makubwa lazima uyaone kwanza motoni.

Sasa ladha. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Usiwe na haraka hapa, kitunguu kilichokaangwa vizuri ndicho nyama ya sufuria isiyo na nyama. Ongeza nyanya mbili zilizokatwa, zivunjike. Chukua mwiko mmoja wa maharage yaliyoiva, uyaponde ndani ya kitunguu mpaka yawe uji mzito, kisha mimina maharage mengine na maji yake. Mchuzi utakuwa mzito kana kwamba umetiwa karanga. Ukiwa na ndizi za kupika, zimenye uzikate, uzipike humo humo, na mwishoni kijiko cha mawese. Kwetu Burundi ndicho chakula cha sikukuu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nyama iko wapi.

DAMU YA DADA YANGU

Dada yangu alipokuwa na mimba ya pili alichoka sana. Alikuwa akipanda mlima na ndoo anasimama mara tatu. Ukifunua kope ya chini ya jicho, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Kwenye kituo cha afya walimpima wakasema damu ni ndogo. Walimpa vidonge vya madini ya chuma, wakamwambia ale maharage na mboga za majani. Akasema, "Lakini nakula!" Muuguzi akamuuliza, "Unakula, halafu unakunywa nini?" Akajibu, "Chai."

Hapo palikuwa na siri. Madini ya chuma yaliyomo katika mimea yapo, lakini mwili unayachukua kwa shida kuliko yale ya nyama. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula zinayafunga, yanapita bure. Kitu kichachu au tunda lenye vitamini C linafanya kinyume chake, linayafungulia mlango. Dada aliendelea na vidonge vyake kila siku, lakini alibadilisha mambo mawili. Chai aliihamisha, akawa anaikunywa saa moja au zaidi mbali na chakula. Na juu ya maharage yake alikamua nusu limau, au baada ya kula akala kipande cha papai au embe. Malimau katika soko la Bugarama hayana uhaba. Alipopimwa tena baada ya miezi miwili muuguzi alitabasamu. Mtoto alizaliwa salama, sasa anasumbua mtaa mzima.

Mama mwenye mimba asiseme, "Nimesoma karatasi, naacha vidonge." Vidonge endelea navyo, limau ni msaidizi tu.

Kuna pia maharage yenye madini ya chuma kuliko mengine. Rwanda ilitoa aina nne za kwanza kwa wakulima mwaka 2010, kisha nyingine tano mwaka 2012. Zimezalishwa kwa kuchagua na kuchanganya mbegu shambani, miaka mingi. Mwaka 2013 wasichana wa chuo kikuu cha Huye waliokuwa na upungufu wa madini walilishwa maharage kwa siku 128: kundi moja aina hizi, kundi jingine maharage ya kawaida. Waliokula aina hizi damu yao ilipanda zaidi. Sokoni muulize muuzaji maharage ya "fer", wengi wanayajua kwa jina hilo. Vilevile ukikuta viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, vichukue kabla ya vile vyeupe. Rangi ile inageuka mwilini kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mtoto kupigana na magonjwa. Kati ya watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, watatu walipewa kwa kazi ya viazi hivyo, na mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga.

SOMBE NA HESHIMA YAKE

Sasa tumefika kwenye sombe. Nimeona watu wanagombana juu ya sombe kuliko juu ya mpira. Mkongo anasema bila mawese si sombe. Mrundi anataka iwe laini kabisa. Mnyarwanda anaweka nyanya chungu ndani. Mimi nasema wote wako sahihi wakikubaliana juu ya jambo moja: kuponda kabla ya kuchemsha.

Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, pamoja na madini na vitamini. Lakini yana sumu pia, sianidi, iliyofichwa ndani ya jani. Katika jani hilohilo kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoweza kuifungua sumu ili iruke hewani. Viwili hivyo vinakaa vyumba tofauti. Ukiponda jani katika kinu, kuta zinabomoka, vinakutana, na sumu inaanza kutoka. Ukichemsha jani zima bila kuliponda, moto unakiua kile kimeng'enya kwanza, na sumu inabaki imefungwa ndani. Ndiyo maana bibi zetu walipiga kinu mpaka jasho liwatoke. Haikuwa mchezo.

Fanya hivi. Chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo. Yaoshe. Yaponde mpaka yawe laini kama uji wa kijani, dakika kumi au zaidi, usiache vipande. Yaoshe tena kwa maji safi mara mbili, ukiyakamua. Kisha yachemshe katika maji mengi, sufuria ikiwa wazi, usiifunike, ili mvuke utoke. Na usiweke kichwa juu yake kunusa. Baada ya muda wa kutosha, maji yakipungua na harufu kali ikiisha, ndipo uweke kitunguu, majani ya vitunguu, pilipili hoho kama ipo, nyanya chungu za Wanyarwanda, na karanga zilizopondwa zikiwa zimekorogwa kwa maji kidogo. Acha itokote polepole mpaka mafuta ya karanga yaonekane juu. Mawese mwishoni. Chumvi mwishoni kabisa, kwa maana sombe inapungua sana ikiiva na aliyeweka chumvi mapema atalia.

Sumu hiyo iko pia katika mizizi ya muhogo mchungu. Muhogo usipolowekwa siku za kutosha, au ukikaushwa haraka kwa sababu watu wana njaa au wanakimbia vita, unga wake unabaki na sumu. Katika Kongo, upande wa Bandundu ya zamani, kuna ugonjwa uitwao konzo: mtu mzima kabisa, mara nyingi mama au mtoto, anaamka asubuhi miguu imekaza, na haiponi tena. Jina hilo katika lugha ya Wayaka lina maana ya miguu iliyofungwa. Unawapata wale wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa majuma mengi bila maharage wala samaki.

Kuna kinga rahisi. Tangu mwaka 2010 wanawake wa Popokabaka walifundishwa kulowesha unga. Weka unga wa muhogo katika bakuli, weka alama ya kimo chake ndani. Tia maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea mpaka urudi kwenye ile alama. Utandaze juu ya mkeka au karatasi ya plastiki, unene usizidi upana wa kidole. Uache masaa mawili juani, au masaa matano kivulini. Sumu inaruka hewani. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Kama hujui unga ulionunua ulitengenezwa vipi, fanya hivi tu. Haugharimu kitu.

MAWESE, SOYA NA LENGALENGA

Mawese mekundu, yawe ya Rumonge au ya Kongo, yana ile rangi ya vitamini A kama viazi vya chungwa. Wengine wanayachoma motoni mpaka yawe meupe, wanasema ndiyo usafi. Rangi ikitoweka, vitamini imetoweka. Yape moto mdogo, au yaweke chakula kikikaribia kuiva.

Soya ina protini kuliko maharage. Isiliwe mbichi wala nusu mbichi, inazuia tumbo kusaga. Ikaange kwanza mpaka inukie kama karanga, ndipo uisage. Kipimo kimoja cha unga wa soya kwa vitatu vya mahindi au mtama kinatoa uji mzito wa mtoto. Wanyarwanda wanaouza sosoma dukani wanafanya jambo lilelile: soya, mtama na mahindi.

Lengalenga, ambayo hapa wanaiita dodo, haitaki kupikwa kama sombe. Ioshe ikiwa nzima, ikate baadaye, itie katika kitunguu kilichokwisha kukaangwa na maji kidogo sana, ufunike dakika tano. Ikibadilika kuwa ya rangi ya udongo umeiua.

Na huna haja ya kuinunua. Chukua gunia kuukuu la kilo 50. Changanya udongo na samadi iliyooza au majivu kidogo. Weka kopo lisilo na matako katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo, jaza udongo kando yake, kisha vuta kopo juu na urudie mpaka gunia lijae. Utabaki na nguzo ya mawe katikati, na maji ukimwaga juu yanashuka mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda lengalenga, matembele au vitunguu vya majani. Baada ya wiki tatu au nne unachuma, na ukichuma majani bila kung'oa mzizi unachuma tena. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanatosha. Mbele ya mlango wangu pana magunia mawili, na mbuzi wa jirani anayajua vizuri kuliko mimi. Zungusheni miiba.

JAMBO AMBALO MIMEA HAINA

Lazima niwaambie ukweli wote. Kuna vitamini moja, B12, ambayo haipatikani katika mimea. Mtu mzima akikaa miaka bila hiyo anapungukiwa damu na mishipa ya fahamu inaumia. Kwa hiyo ndagala wachache, yai, au maziwa, vikipatikana hata mara chache kwa wiki, visikataliwe. Vinatangulia kwa mtoto na mama mwenye mimba, kabla ya baba. (Baba zangu, mtanisamehe.) Na ule unga wa uji wanaopewa mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa miezi 6 hadi 23 umeongezewa B12, chuma na madini mengine. Ndiyo sababu wafanyakazi wa lishe wanakasirika wakiuona sokoni. Ni wa mtoto, na mtoto hana nyingine.

Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Maji ya maharage hayamtoshi. Mpe maharage yenyewe, yaliyopondwa na kutolewa maganda, pamoja na kijiko cha mafuta, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na maziwa ya mama yaendelee. Akikataa majani, yachanganye ndani ya kiazi kilichopondwa. Mpwa wangu aliyakataa mwezi mzima, mpaka tulipompa mchi mdogo aponde mwenyewe. Sasa anadai sombe ni yake.

Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, tutapika pamoja chini ya mti ulio karibu na kituo cha lishe: sombe ya karanga, maharage ya kapu, na ndizi. Kila mtaa ulete kinu kimoja na watu wawili wa kuponda, mmoja wao awe mwanaume. Makaa, mawese na chumvi vipo. Watoto waje na sahani zao, na anayetaka kutengeneza kapu la joto aje na kapu lake na nguo kuukuu. Maharage nitayaloweka mimi Jumanne jioni.